Mwezi wa kalenda na mwezi wa angani

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Januari 2024, Dkt. Philip Mpango, wakati huo Makamu wa Rais na mwenyeji wa Buhigwe mkoani kwetu, alipozindua mpango wa taifa wa wahudumu wa aina yetu, nilikuwa nimeshachakaza jozi kadhaa za kandambili kwenye vichochoro vya kambi za wavuvi. Kabla ya kazi hii nilikuwa mwanika dagaa kwa miaka sita. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo linaloufanya ujinga wangu usiwe na utetezi.

Shida yetu ilikuwa huduma ya mkoba. Boti ya zahanati hutufikia mara moja kwa mwezi ikiwa na nesi, mizani na boksi la baridi la chanjo, hutia nanga kama saa nne asubuhi na kuondoka saa nane kabla ziwa halijachafuka. Kijijini juu akina mama walikuja. Katika kambi za ufukweni, ambako watoto ni wengi kuliko kuku, walikuja wanne, mara nyingine wawili, na mwezi mmoja alikuja mzee mmoja aliyetaka dawa ya mgongo.

Ushauri wa kwanza tuliopewa na mkubwa mmoja, aliyekuja na viatu vyeupe akarudi navyo vikiwa vyeupe vilevile, ulikuwa faini. Mtoto akikosa kliniki, mzazi alipe. Tangazo likasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Wiki iliyofuata nilibisha hodi kwenye kibanda cha mama mmoja ambaye nilimjua tangu tukigombania nafasi ya kuanikia, akanijibu kwa upole mkubwa, "Hapa hakuna mtoto, dada, walikwenda kwa bibi yao." Alikuwa ameketi juu ya lundo la wavu, na lundo lile likakohoa. Tulitazamana. Likakohoa tena, kikohozi kikavu cha mtoto wa kama mwaka mmoja na nusu, naye akaanza kuimba ili kukifunika. Niliaga, nikaondoka, na nikaapa kwamba neno faini halitatoka tena kinywani mwangu, kwa sababu lilikuwa limewafundisha kujificha wale wale niliokuwa nikiwatafuta: anayeogopa faini ni yule ambaye kadi ya mtoto wake ina mapengo.

Ushauri wa pili ulikuwa sabuni. Kila mama atakayekuja apewe mche mmoja. Walikuja wengi ajabu, wengine kwa mitumbwi kutoka vijiji jirani, na ripoti yetu ya mwezi huo ikaonyesha kwamba tumechanja zaidi ya asilimia mia moja ya watoto tuliopangiwa. Tulipongezwa. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje kuchanja watoto wengi kuliko waliopo, ingawa jibu lake ni jepesi: lengo letu hutokana na makadirio ya sensa, waliochanjwa huhesabiwa popote walipotoka, na mtoto wa kambini, anayehamahama na wazazi wake wakifuata samaki, anaweza asionekane upande wowote wa hesabu hiyo. Nikaamua kuhesabu mwenyewe.

Sikutumia karatasi, kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshanuka faini. Niliomba mise, yaani zile kokwa za michikichi ambazo huku zimezagaa kila ua, nikachora ramani ya kambi mchangani kwa kidole, na jioni, akina mama wakiwa wamepumzika, nikawaambia kila mmoja aweke kwenye nyumba yake mise moja kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye kadi, na kokoto kwa kila asiye nayo. Walicheka, wakabishana, wakasahihishana. Jirani akisahau wa kwake, mwenzake anamwongezea. Lile lundo la wavu nalo lilipata kokoto yake bila mimi kusema neno. Kabla jua halijazama nilikuwa na kokoto kumi na tisa katika kambi moja tu, na gharama yote ilikuwa soda mbili na mfuko wa karanga.

Bibi mmoja aliyekuwa akitazama pembeni ndiye aliyenivua nguo. Aliniuliza boti huja lini. Nikamwambia Jumanne ya pili ya mwezi. "Mwezi upi, mjukuu wangu?" akauliza. "Wewe unafuata mwezi wa kalenda; sisi huku tunaishi kwa mwezi wa juu."

Nilitamani kujizika pale pale. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu huvutwa na taa. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina kazi, mitumbwi hupandishwa mchangani na nyavu hushonwa. Asubuhi ya msimu wa giza mwanamke wa kambini ana beseni za dagaa wabichi alizokopa, lazima azianike, azigeuze na kuzilinda dhidi ya kunguru hadi zikauke, na akiondoka kwa saa mbili tu, mvua ikanyesha, amepoteza mtaji wa familia. Boti yetu ilikuwa ikiangukia giza miezi mingi ya mwaka, nami, mwanika dagaa wa miaka sita, nilikuwa nikiandika kwenye ripoti kwamba akina mama hawana mwamko.

Kuihamisha siku ya mkoba kulihitaji barua nyingi na ubishi ambao siutaji wote. Aliyeniokoa ni nesi, kwa sababu yake mwenyewe. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi kumi, na kikishachanganywa kinatakiwa kitumike ndani ya saa sita, kinachobaki kitupwe. Kwa hiyo watoto wakija wawili alikuwa akisita kukifungua na kuwaambia warudi mwezi ujao, na mama aliyerudishwa mara moja harudi mara ya pili. Mwezi wa kwanza wa mbalamwezi alifungua vichupa viwili bila kusita. Kokoto zangu kumi na tisa zilibaki tatu.

Kwa kuwa sasa akina mama walikuwa na nafasi, tulipima na mikono ili kuona nani ana utapiamlo. Ule utepe wa rangi unaozungushwa mkono wa juu, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo haambiwi arudi kesho, anapanda boti siku hiyo hiyo. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Wa njano walinishangaza, maana ni watoto wanaolala juu ya dagaa lakini hula ugali na mchuzi mtupu, samaki wakiuzwa wote. Tulianza kusaga dagaa waliokaushwa kwenye chanja, yaani vichaga vilivyoinuliwa, si wale wa mchangani ambao uji wake unakwaruza meno, na kutia mawese mwishoni uji ukishaiva. Anayeyachoma mawese hadi yakapoteza wekundu anachoma vitamini A yote, na hapa nilibishana na mama yangu mzazi nikashindwa.

Halafu ukaja mwaka 2024, ziwa likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kambi zikatawanyika, na ujanja wangu wa mwezi ukawa hauna maana yoyote. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu kwenye vikao. Ilibidi nirudi kwenye mise na kokoto, safari hii nikiuliza nani amekwenda shamba gani, na nikawakuta wengine milimani kwa miguu, utepe ukiwa mfukoni.

Ratiba ya robo ijayo nimeshaipeleka. Mbalamwezi imeangukia Jumapili, na nesi ameanza kunung'unika.