Anayebeba taka za maabara naye achanjwe

Kwa kuwa kazi yangu ni kusimamia usalama wa kibiolojia na udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza katika chuo kimoja hapa Mtwara, wageni wanaotutembelea huniuliza zaidi habari za vifaa: kama kabati la usalama lina kichujio kizima, kama mashine ya kutakasa kwa mvuke inafanya kazi, kama wanafunzi wanavaa makoti na glovu. Ni maswali ya haki. Lakini ni nadra mtu kuniuliza ni nani anayetoa mifuko ya taka maabara jioni, na kama mtu huyo amechanjwa.

Historia ya ndui ingetosha kutufundisha kuuliza hivyo. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui katika maambukizi ya kawaida, mwaka 1977, alikuwa Ali Maow Maalin wa mji wa Merca, Somalia, naye alikuwa mpishi wa hospitali. Mtu wa mwisho kufa kwa ugonjwa huo, Septemba 1978, alikuwa Janet Parker, mpiga picha wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ambaye chumba chake kilikuwa juu ya maabara iliyochunguza virusi hivyo. Namna virusi vilivyomfikia imebishaniwa miaka yote hii; lisilobishaniwa ni kwamba hakuwa mtafiti wa ndui.

Sisi hatufugi virusi vya namna hiyo. Kazi zetu za vitendo ni damu, mkojo, kinyesi na makohozi, na hatari yake haina kishindo. Nimewahi kufungua mfuko mweusi wa taka za kawaida nikakuta kisindano cha kutobolea kidole kimeviringishwa ndani ya pamba yenye damu, ilhali sanduku la vitu vyenye ncha kali lilikuwa juu ya meza, hatua chache tu kutoka hapo. Mwanafunzi aliyekitupa alikuwa ameshaondoka zake. Anayebaki na mfuko huo ni dada wa usafi, ambaye ukijaa huushindilia kwa kiganja ili ufungike, na glovu ya mpira haizuii sindano.

Kwa mtu asiye na kinga, kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina B kunaweza kumwambukiza kwa kiwango cha asilimia 6 hadi 30, wakati kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Virusi vya homa hiyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa VVU kuna dawa za kinga zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, lakini zitamsaidia tu aliyeambiwa kuwa zipo na asiyeogopa kwamba akitoa taarifa atapoteza kibarua. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, ni hatari kuliko upungufu wa kifaa chochote.

Mwezi Julai 2022 homa ya mgunda iliua watu 3 katika mkoa jirani wa Lindi, wilayani Ruangwa. Ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na hapa chuoni anayeingia stoo zenye panya kabla ya mtu mwingine yeyote ni mfanya usafi au mlinzi. Ndiyo maana mafunzo elekezi ya kila mwaka sasa huanza na wao, tena kwa vitendo.

Kinachonisumbua hivi sasa ni mkataba wa usafi. Chanjo ya homa ya ini aina B hutolewa dozi tatu, ya mwanzo, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi sita baada ya ile ya mwanzo, lakini kampuni hubadilisha vibarua kabla miezi hiyo haijatimia, hivyo tunaanza upya na watu wapya huku walioondoka wakiwa na kinga pungufu. Nimependekeza kwa uongozi kwamba mkataba ujao umtake mkandarasi asimpangie mtu maabara kabla hajapata dozi mbili za mwanzo, ampe kadi yake mkononi, na amruhusu arudi kwetu kumalizia ya tatu hata kama ameshahamia kazi nyingine.