Tuondoe Siasa Katika Siasa

Juzi ofisi ya tafsiri ninayoifanyia kazi hapa Moscow ilinikata malipo ya kurasa tatu kwa sababu ya sentensi moja, na ukurasa kwa hesabu ya hapa ni herufi 1,800, nafasi zikihesabiwa. Hotuba ya Kiingereza ilitaka "politics" iondolewe katika "policy" ya afya. Mswahili angeimaliza kwa pumzi moja: tuondoe siasa katika sera ya afya. Kirusi, ambacho husifiwa mbele yangu kila siku kwa utajiri wake, kina neno moja kwa yote mawili, politika, kwa hiyo nilichowasilisha kilisomeka kama mtu anayetaka kuondoa siasa katika siasa. Mhariri aliandika pembeni kwamba hicho ni Kirusi cha Kiafrika.

Nilikasirika, sikatai, kwa kuwa upungufu ule haukutoka Afrika. Lakini mfasiri hulipwa ausitiri upungufu wa lugha, si auanike, na hapo mhariri alikuwa na haki yake. Wala nasi tusijitape mno: "safety", yaani kuepukana na ajali, na "security", yaani kulindwa dhidi ya adui, ambazo Mwingereza huzitenganisha, Mrusi huziita zote bezopasnost, nasi mara nyingi huziita zote usalama. Kwenye "accountability" ndipo ninapotembea kifua mbele, maana podotchotnost ya Kirusi imejengwa juu ya neno la ripoti, na kila niliandikapo namwona karani aliyebeba jalada kwenda kwa mkuu wake, ilhali uwajibikaji wetu umetoka kwenye wajibu.

Ninyi mnaoniuliza kuhusu kuja kusoma huku mkijikimu kwa tafsiri, jueni kwamba mwaka wa maandalizi ya lugha, ule wa kujifunza Kirusi kabla ya kuanza masomo yenyewe, utawawezesha kununua mkate na kufuata mihadhara, basi. Kabla ya kupokea ukurasa wa kwanza, pataneni kwa maandishi ni kosa la aina gani linalokatwa fedha, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Usiku ule niliirudia sentensi nikiiwaza kwa Kiswahili, nikaziacha nomino zote mbili, nikaandika kwa Kirusi kwamba maamuzi kuhusu afya yasitegemee mvutano wa vyama. Mhariri yuleyule aliipitisha bila alama hata moja. Fedha hazijarudishwa, na msiniulize ni kiasi gani, kwani mkizigeuza kuwa shilingi mtadhani huku natajirika.