Mstari uliogoma kufutika kwenye ramani yangu ya mafuriko ya Rufiji

Kila niliyemwuliza alinijibu neno moja: "Chuja." Nilikuwa nachora ramani ya mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 kwa picha za rada za setilaiti za Sentinel-1, ambazo ni za bure, na katikati ya maji palikuwa na mstari uliosimama kutoka juu hadi chini. Upande huu maji meusi tii, upande ule yamepauka kama yameota nyasi.

Basi nikachuja, yaani nikailainisha picha ili madoadoa yapungue. Kichungi chembamba, kisha kipana, kisha nikapiga wastani wa picha za siku tofauti. Madoadoa yakatulia, picha ikapendeza, na mstari ukazidi kujitokeza! Washauri wangu wote walisahau jambo moja kubwa: kelele ya joto ya kipokezi, yaani nguvu inayotoka kwenye kifaa chenyewe, haitikisi vipimo tu, inajijumlisha juu ya nguvu ya mwangwi. Wastani hutuliza mtikisiko, lakini nyongeza huiacha palepale.

Maji yaliyotulia huakisi wimbi la rada kwenda mbali na setilaiti, kwa hiyo kinachorudi ni kidogo mno, hasa kwenye VH, ambako wimbi hutumwa likiwa wima na kupokelewa likiwa mlalo. Mwangwi ukilingana na kelele, kipimo hupanda kwa desibeli 3, yaani nguvu huwa maradufu. Ukiwa chini ya kelele kwa desibeli 10, unachosoma karibu chote ni kelele. Msitu hauna shida hiyo; mwangwi unaoizidi kelele kwa desibeli 10 hupotoshwa kwa desibeli 0.4 tu. Sasa, Sentinel-1 huunga mikanda mitatu kupata upana wa kilomita 250, na kila mkanda una kiwango chake cha kelele. Mstari wangu ulikuwa kiungio.

Dawa imo ndani ya data yenyewe: jedwali la kelele. Kwenye SNAP, programu ya kuchakata picha hizi, niliiondoa kelele mwanzo kabisa, kabla ya kalibresheni (kugeuza namba za picha kuwa kipimo cha mwangwi), ndipo nikachuja. Wastani upigwe kwa nguvu halisi, si kwa desibeli. Halafu kagua kama nilivyokagua, na hili najivunia: chukua safu ya pikseli inayovuka kiungio juu ya maji, ichoree grafu, utafute ngazi, yaani mahali thamani inaporuka ghafla. Yangu ilibaki ndogo sana, ila ilibaki. Kwa hiyo maji niliyatenga kwa VV, ambako wimbi hutumwa na kupokelewa likiwa wima, VH nikaiachia mashamba na mikoko, kwenye mwangwi wa kutosha.