Maji ya Kivu na klorini: kwa nini nusu saa haikunitosha

Hapa Goma ziwa liko mlangoni, ila bidoni ya maji ya kunywa ndiyo adimu. Nilianza kwa kanuni ya kawaida: tia klorini, ngoja nusu saa, kunywa. Kilichonipotosha ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (7 ni katikati; juu ya hapo maji si ya asidi).

Maji ya juu ya Kivu yana pH ya karibu 9. Kinachoua vijidudu hasa ni asidi ya hipoklorasi, hali mojawapo ya klorini ikiwa ndani ya maji. Kwenye pH 7, zaidi ya robo tatu ya klorini huwa katika hali hiyo. Kwenye pH 9 haifiki hata 5 kwa 100. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani, 0.5 mg ya klorini iliyobaki kwa lita baada ya dakika 30, ni cha maji yenye pH chini ya 8. Kwa hiyo nangoja saa nzima, bidoni ikiwa kivulini.

Mchanganyiko mama: kijiko cha supu kilichosawazishwa cha HTH (unga wa klorini) ya 65–70% (gramu 15 hivi) katika lita 1 ya maji. Chupa iwe ya plastiki isiyopitisha mwanga; chuma huliwa. Chokaa ikituama, natumia maji ya juu tu. Wiki ikiisha namwaga, natengeneza mwingine.

Dozi sikisii. Najaza ndoo 4 za lita 20 kwa maji yaleyale yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha kwa bomba la sindano natia 2, 3, 4 na 5 ml za mchanganyiko mama, kila ndoo na kiasi chake. Nakoroga, nafunika, na baada ya saa napima kwa kidonge cha DPD namba 1, ambacho hugeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Nachukua dozi ndogo kabisa inayoacha 0.5 hadi 1 mg kwa lita. Mtego uko hapa: rangi ya waridi isipotokea, usikimbilie kuongeza, maana klorini ikizidi mno nayo hufuta rangi. Zimua sampuli mara 10 kwa maji yasiyo na klorini, upime tena.

Mvua kubwa ikichafua ufuko, dozi ya jana haifai. Na bidoni yenye ute wa kijani hula klorini yote. Kokoto za lava, sabuni, tikisa hadi mkono uchoke.

Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati ni shauri jingine. Moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi na floridi. Klorini haiiondoi floridi, na kuyachemsha huiongezea ukali. Hayo nafulia nguo.