Vichupa sita, majibu sita: nilivyoitafuta shaka ya kipimo changu

Emulsheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na maji, ilikuwa ile ile, mikono ile ile, asubuhi ile ile, na bado vichupa sita vilinipa majibu yaliyoachana vibaya. Nilikuwa napima limonini, kile kiini cha harufu ya machungwa, inavyotoka kwenye chakula na kuingia katika hewa iliyo juu yake ndani ya kichupa. Nikaishuku mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha kemikali na kupima kiasi chake. Nikabadilisha sindano, nikaisawazisha upya, wapi!

Ndipo nikaamua kuipima shaka yenyewe, yaani kadiri majibu yanavyoweza kuyumba, kwa mafungu. Mmumunyo mmoja wa limonini niliudunga mara sita: majibu yalitawanyika kwa asilimia 5 hivi. Hiyo ndiyo sehemu ya mashine. Utayarishaji wa sampuli ulichangia asilimia 12. Shaka zisizotegemeana hazijumlishwi hivi hivi. Kila moja unaipandisha kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. 25 na 144 ni 169, kwa hiyo 13. Hata ningeipunguza shaka ya mashine kwa nusu, jumla ingebaki juu ya 12. Juma zima nililihangaikia pasipostahili.

Nikapanga majibu kwa mfuatano wa kujaza vichupa, yakateremka kama ngazi. Washukiwa walikuwa wawili: muda wa kichupa kusubiri kupimwa kwenye joto la nyuzi 40, au chupa niliyochotea emulsheni. Nikajaza vingine, safari hii nikipiga kura kipi kipimwe kwanza. Mteremko ulifuata mfuatano wa kujaza, si wa kupima. Mafuta yalikuwa yakipanda juu taratibu wakati nachota kutoka chini, na limonini hukaa zaidi ndani ya mafuta: kila kichupa kilichofuata kilipata mafuta machache zaidi, na limonini pungufu. Kurudia vipimo mara hamsini kusingeniponya, kwa sababu wastani hupunguza mtawanyiko, hauondoi mwelekeo.

Sasa nachota huku emulsheni ikikorogwa polepole, napima uzito wa kila kichupa, na kura haikosi. Kwenye ripoti naandika shaka iliyozidishwa kwa 2, inayobeba takriban asilimia 95 ya uwezekano.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaandika kwamba fomula moja inaachilia harufu zaidi ya nyingine kwa asilimia 10, kwa kichupa kimoja kimoja tu. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko shaka yangu ya asilimia 13. Nililifuta dai hilo, nikaanza upya na zote mbili.