Mwalimu Aliyetupeleka Mwaloni

Mwezi uliopita tulimzika Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, profesa aliyetufundisha elimu ya samaki na ya maji ya ziwa, na tangu tulipovuka kutoka Nansio kurudi Mwanza simu yangu haijaacha kupokea salamu za rambirambi kutoka kwa watu waliopita mikononi mwake katika miaka tofauti: maafisa uvuvi wa wilaya, walimu wa sekondari, na hata mmoja anayemiliki mitumbwi ya dagaa. Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu familia yake bado imo katika matanga na imeomba utulivu. Waliomfahamu watamtambua kwa namna alivyofundisha, nami ndiyo ninayotaka kuieleza.

Alikuwa na swali moja aliloliandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ripoti za wanafunzi wake wote: “Umeona au umeambiwa?” Mwanafunzi mgeni alidhani kwamba anashutumiwa kwa kuandika jambo asilolishuhudia, lakini baada ya muda alielewa kuwa kuambiwa hakukuwa aibu hata kidogo machoni pa Profesa, ilimradi aliyekuambia atajwe kwa heshima, pamoja na mwalo, yaani ufuko wa kupakulia samaki, ulikomkuta na miaka aliyovua katika maji hayo. Kilichomkera ni maarifa ya mzee wa Igombe au ya mama anayeanika dagaa kuingizwa katika ripoti kana kwamba yameokotwa tu ufukweni, yasiyo na mwenyewe. Katika vyuo vyetu, ambako tumezoea kunukuu makala ya mtu aliyeko mbali na kumsahau aliyetushikia mtumbwi, sijakutana na mwalimu mwingine aliyeshikilia jambo hili kwa uthabiti kama wake.

Ndiyo maana somo lake la kweli halikuwa darasani. Alitutoa mabwenini kabla jua halijachomoza ili tuwahi mitumbwi inapofika mwaloni, akasalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” kisha akasimama kando na kusubiri wenye samaki wamalize kupima na kupatana bei, kwani alishikilia kwamba utafiti hauna haki ya kumchelewesha mtu anayetafuta riziki. Baada ya hapo ndipo alipoomba matumbo ya sangara. Tulichuchumaa juu ya mchanga tukiyapasua na kuhesabu kilichomo, yaani dagaa, uduvi wa ziwani, na mara nyingi sangara wadogo waliomezwa na wakubwa wao, huku akitueleza kwamba watafiti waliofanya kazi kama hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta ndani ya matumbo hayo chakula tofauti kabisa. Walikuta furu, wale samaki wadogo wa ziwani wa rangi nyingi.

Habari ya furu ilikuwa moyo wa kazi yake yote. Yeye mwenyewe alikulia kisiwani wakati furu walikuwa chakula cha kila siku, wakianikwa na kuuzwa kwa mafungu, na akiwa kijana aliwaona wakitoweka. Sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, upande wa Uganda na Kenya, lakini katika Ghuba ya Mwanza waliongezeka ghafla baada ya mwaka 1980. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wameanza mwaka 1977 kuwachunguza furu wa ghuba hiyo hiyo pamoja na wenzao wa Tanzania, na kwa hiyo walikuwapo kushuhudia jambo ambalo hawakulitarajia. Ziwa lilikuwa na takriban spishi 500 za furu, ambao kwa uzito walifikia kiasi cha asilimia 80 ya samaki wote wa maji ya chini. Ndani ya miaka michache mamia ya spishi hizo hayakuonekana tena katika nyavu. Profesa alipofika hapo katika mhadhara alikuwa na desturi ya kunyamaza, kisha akataja furu mmoja mmoja kwa majina ya Kikerewe aliyofundishwa na babu yake, na sisi tukayaandika.

Hata hivyo hakuturuhusu kumlaumu sangara peke yake. Alitupakia katika boti tukiwa na kisahani cheupe na cheusi cha kupimia uangavu wa maji, kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, tukakizamisha polepole hadi kikapotea machoni, tukasoma kina, kisha tukasogea mahali pengine na kurudia. Kuelekea visiwa vya mawe katika Ghuba ya Speke kisahani kilionekana kwa muda mrefu. Karibu na mji kilipotea upesi. Hapo ndipo alipotueleza kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi, na kwamba maji yakichafuliwa na udongo wa mashamba, maji taka na mwani unaostawi kwa mbolea, jike hawezi tena kutofautisha dume jekundu na dume la buluu, hivyo spishi mbili zilizoishi kwenye mwamba mmoja bila kuchanganyika huanza kuzaliana na mwishowe kubaki moja. Mojawapo ya furu hao wekundu ilipewa mwaka 1985 jina la kisayansi la kumuenzi Mwalimu Nyerere. Profesa aliitaja kila mara kwa fahari, kisha akatuuliza iwapo tungependa wajukuu wetu waikute kwenye chupa ya maabara.

Kuhusu sangara alisema kwa haki kuliko wengi waliowahi kuandika habari za ziwa hili. Alijua kwamba samaki huyo ndiye aliyejenga viwanda vya minofu Mwanza, akasomesha watoto, akaezeka nyumba kwa mabati, na alijua pia kwamba minofu ilipopanda ndege kwenda Ulaya, kilichobaki Mwanza kwa wasio na uwezo ni mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Alitaka mwanafunzi aweze kuyasema yote mawili bila kuficha lolote. Sheria ya kutovua sangara walio chini ya sentimita 50 wala walio juu ya 85 aliieleza vizuri zaidi kwa wavuvi kuliko kwetu, na alipowaeleza hakuanza na faini, bali na sangara jike mkubwa na wingi wa mayai yake.

Wapo waliosema kwamba alichapisha machache, na ni kweli kwamba orodha ya makala zake ni fupi ukilinganisha na za wenzake wa rika lake. Mimi sioni kwamba hilo linampunguzia kitu. Muda ambao wengine waliutumia kuandika makala ya ziada yeye aliutumia kujaza madaftari: jina la samaki kwa Kikerewe, Kisukuma na Kijita, mahali alipovuliwa, chombo kilichotumika, aliyesimulia. Mwanawe mkubwa alituonyesha madaftari hayo baada ya mazishi, yamefungwa kwa uzi wa nyavu na kupangwa kwa mialo. Mengi ya majina yaliyomo hayana samaki wa kuonyeshwa tena, na wengi wa wazee waliosimulia wamekwisha kufariki.

Familia imekubali tuyanakili, na wenzangu wa Musoma na Bukoba wameahidi kusaidia. Penye jina lisilo na maelezo ya kutosha tutarudi kwenye mwalo ulioandikwa na kuwauliza watoto wa waliosimulia, tukianzia Kayenze. Tumepanga kwenda wakati wa mbalamwezi, kama alivyotuzoesha, kwa sababu usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwa kazini na mchana wake wanastahili kulala. Aliyesoma kwake na bado ana daftari la safari zile, na aliangalie kama kuna majina aliyotutajia ambayo sisi hatukuyaandika.