Nilivyouondoa mkaratusi uliokuwa ukiinamia nyumba yangu, baada ya shemeji kunisaidia

Shemeji alikuwa ameegemea shina lenyewe, kikombe mkononi, aliponiambia: "Shemeji, mti ni mti. Unakatwa, unaanguka, mnapasua kuni. Hela za kumlipa mtu za nini?" Nami, mwanamume mwenye nyumba na watoto, nikaona ana hoja.

Nikiri kwamba haikuwa mara ya kwanza kumsikiliza. Miaka 3 kabla ya hapo ndiye aliyenishauri tuukate kichwa mkaratusi ule "usizidi kurefuka", tukaukata. Mkaratusi ukiukata kichwa haukomi. Unatoa machipukizi palepale kwenye kidonda, yanapanda kwa hasira, na kila moja limeshikwa juujuu tu huku kidonda chenyewe kikioza kwa ndani. Kwa hiyo baada ya miaka 3 nilikuwa na mti uleule, mrefu kuliko mwanzo, wenye vichwa vitano vizito vilivyobandikwa juu ya shina bovu. Asubuhi moja, bila hata upepo wa kutikisa jani, tawi nene kama paja langu likashuka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu alikuwa ameanua muda si mrefu. Hakusema kitu. Alinitazama tu, na ninyi mliooa mnajua.

Hapo ndipo nilipoanza kuutazama mti kwa macho ya mtu mwenye wasiwasi. Ulikuwa umeinamia nyumba, sawa, lakini miti mingi huinama na kuishi hivyohivyo hadi inazeeka. Kilichonitisha kilikuwa upande wa nyuma, upande usioinamia: udongo ulikuwa umeinuka, una ufa wa kuingiza vidole viwili. Kwenye kitako cha shina palikuwa na uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu. Nikagonga na nyundo nikilizunguka shina: ko, ko, ko, halafu ghafla bwo, sauti ya pipa tupu. Na upande ule ule wa nyuma ndiko nilikopitisha mtaro wa bomba la maji mwaka uliotangulia, nikakata kwa shoka langu mwenyewe mizizi minene kama mkono na kujisifia kazi nzuri. Nilidhani mizizi inayoushika mti iko chini sana huko. Kumbe sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko ndani ya mita ya kwanza ya udongo, palepale mtu anapochimba mtaro.

Kuna jambo moja nililofanya kwa akili katika kisa hiki chote, basi niacheni nilieleze vizuri. Niliazima timazi ya fundi ujenzi, ule uzi wenye kizito chenye ncha, nikaining'iniza kwenye tawi la kwanza hadi ncha yake ikakaribia kugusa ardhi, nikapigilia kigingi palepale chini ya ncha. Zikanyesha mvua mbili kubwa. Nikaitundika tena timazi kwenye alama ileile, siku iliyotulia, ncha ikaning'inia vidole vinne mbele ya kigingi, kuelekea chumba cha watoto. Mti ulikuwa unatembea. Nilimwita shemeji aone kwa macho yake. Akachuchumaa, akapima kwa vidole vyake, akasema, "Basi tuuwahi."

Kuuwahi kwenyewe kulikuwa hivi. Mti unainamia nyumba, kwa hiyo tungeuvuta upande wa pili. Tukapata kamba ya katani, gari la rafiki yake na msumeno wa mashine wa kuazima. Ngazi ikafika kama mita 5, hapo ndipo tukafunga kamba, na ncha nyingine nyuma ya gari. Rafiki yake avute, shemeji akate upande wa nyumba, mimi nisimamie. Kusimamia maana yake nilisimama nimeshika ngazi ambayo hakuna aliyekuwa juu yake.

Msumeno ulinguruma vizuri. Ulipoingia kiasi, badala ya chembe nyeupe za mti mbichi ukaanza kutema unga wa kahawia, mkavu kama ugoro. Shemeji akanigeukia akicheka: "Unaona? Umeshakauka, huu ni wa dakika kumi!" Hakumaliza hizo kumi. Mti ulikaa kitako, ufa ukafumba, msumeno ukabanwa humo kama mkono mlangoni. Shemeji akapiga kelele, "Vuta!" Rafiki akavuta. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja, tope lote likamwendea shemeji usoni, kamba ikalia mara moja kama bunduki na kukatika. Kipande kikarudi kwa gari na kuvunja taa ya nyuma. Kingetua nusu mita juu zaidi, kingepita kwenye kioo na kumkuta rafiki shingoni.

Kisha kimya. Mti umesimama, umekatwa theluthi, msumeno wa watu umening'inia ndani yake.

Bibi jirani alikuwa ametutazama tangu mwanzo akiwa kwenye kigoda chake. Akasema polepole, "Wajukuu zangu, mti ulikuwa unatafuta sababu. Mmeupa. Sasa mtalala wapi?"

Swali zuri. Nilichukua fimbo, nikaishika wima kwa mkono ulionyooka, sehemu iliyo juu ya ngumi ikiwa na urefu sawasawa na kutoka ngumi hadi jichoni. Unafumba jicho moja, unarudi nyuma mpaka ngumi ioane na kitako cha mti na ncha ya fimbo ioane na kilele chake. Ulipofika, umbali wa kutoka hapo hadi shinani ndio urefu wa mti, mradi ardhi iwe tambarare. Nilirudi nyuma, nikarudi, nikatoka nje ya geti. Nikapima: mita 21. Kutoka shinani hadi ukuta wa chumba cha watoto ni mita 8. Nyumba nzima ilikuwa ndani ya hesabu hiyo, hadi choo. Usiku huo tulilala kwa bibi, watu watano kwenye mikeka miwili, na tukalala hivyo siku tisa.

Kesho yake nikaanza kutafuta wataalamu. Walikuja watatu. Swali langu halikuwa bei. Niliwauliza wote swali moja: "Kipande cha kwanza kitatua wapi?"

Wa kwanza hakushuka kwenye pikipiki. Aliangalia juu, akataja bei ya chini kabisa, akataka yote mkononi ndipo aje kesho. Kipande cha kwanza? "Kitaanguka tu, bosi." Nikamshukuru.

Wa pili alikuwa na shati la kampuni na maneno matamu. Akasema si lazima kuuondoa, tuupunguze kichwa tu. Nikamwonyesha nilichopata kwa kuupunguza kichwa. Akatoa karatasi ya bima, imepigwa muhuri, safi. Sijui ni malaika gani aliyenikumbusha, lakini niliitafuta mwenyewe namba ya kampuni ya bima, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi, nikapiga. Bima ile ilikuwa imekwisha tangu mwaka juzi. Yaani mtu angeanguka pale, au gogo lingetua kwa bibi jirani, mzigo ungekuwa wangu. Watu wananiambia nilikuwa mkali kupita kiasi. Simu yenyewe haikufika dakika tano.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mfupi aliyekuja na kijana wake, na cha kwanza hakutazama juu. Alitazama chini. Aliuzunguka mti mara mbili bila neno, akachokoa kitako chake kwa bisibisi, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Akauliza mfereji wa maji taka unapita wapi, tangi liko wapi, waya wa umeme unaoingia ndani ni wa nani. Kisha akaona msumeno. Akautazama kwa muda.

"Huu nani kaupachika hapa?"

Shemeji akaanza kusoma ujumbe kwenye simu yake.

Nikamweleza. Mama akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema kitu ambacho hadi leo kikinijia usiku nageuka upande wa pili: "Bahati yenu mlikata upande uliobana. Mti ulioinama, uzito wote umejazana upande wa mwinamo, ndiyo maana umefumba na kuubana msumeno. Mngekata upande wa nyuma, ule uliojivuta, bila kuujulia, shina lingepasuka kwa wima, likaruka nyuma na kukuta kifua cha mtu. Tusingekuwa tunazungumza."

Nikamuuliza swali langu. Akaonyesha kwa kidole: matawi ya upande huu yatatua pale, kwenye nyasi, ya upande wa nyumba hayatatua, yatashushwa. Na hakuna atakayeupanda. "Mti mbovu uliochinjwa nusu sipandishi mtoto wa mtu, hata kwa kamba mbili." Kwa hiyo litakuja gari lenye kikapu cha kumwinua mkataji, na kreni ya kushika vipande vya shina. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yule wa pikipiki, kitu kama mishahara yangu miwili na ushee. Na akasema wazi kwamba mti ungekuwa mzima wa kupandika, angetoza karibu theluthi pungufu. Ule mkato wa bure wa shemeji ndio kipande ghali kuliko vyote nilivyolipia.

Tukaandikiana. Kibali cha kukata nilikwenda kukiomba mwenyewe, halikuwa jambo. Kilichochelewesha ni umeme. Waya wa nyumba ulipita karibu na matawi, na mama alikataa kuwasha hata mashine moja kabla watu wa umeme hawajakata. Akaniambia mtu asiye fundi wa umeme akae angalau mita 3 mbali na waya, yeye na chochote alichoshika, na tawi bichi likigusa waya linaweza kupitisha umeme. Shemeji alipendekeza tuzime swichi kuu. Swichi kuu inazima umeme wa ndani ya nyumba. Waya wa nje unabaki na moto wake. Hata mimi nilijua hilo, na nilifurahi kupata angalau moja la kumfundisha.

Siku yenyewe nilitarajia kishindo. Hakukuwa na kishindo. Walizungushia utepe, wakatutoa wote, hadi bibi na kigoda chake. Shina likafungwa mikanda juu na chini ya ule mkato lisipasuke. Kijana kwenye kikapu alivaa suruali nene iliyojaa nyuzi ndani. Msumeno ukiigusa, nyuzi zinachomoka na kuukaba mnyororo usimame kabla haujafika mguuni. Mimi nilikuwa nimeshika msumeno nikiwa na kaptula, siku ya majaribio kabla ya shughuli yetu. Hawakuongea, walitumia ishara za mikono, maana kwa kelele zile "ngoja" na "kata" zinafanana.

Tawi kubwa hakulikata kwa mara moja. Alianza kwa mkato mdogo chini ya tawi, kisha akasogea mbele kidogo na kukata kutoka juu. Tawi likaachia bila kuchuna gome wala kuzunguka. Vipande vya shina vikashushwa kimoja kimoja na kreni, taratibu kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Nikauliza kwa nini wanakata vifupi hivyo. Mama akanijibu bila kunitazama: gogo bichi la kipenyo cha nusu mita na urefu wa mita 1 ni karibu kilo 200. Tulikuwa tumepanga kulivuta lote zima kwa kamba ya katani.

Walipofika chini wakautoa msumeno. Kile kipande cha kitako walikilaza mbele yangu nikione: kipenyo sentimita 70, na unene wa mti usiooza uliobaki pembezoni ulikuwa kama sentimita 9. Nikaingiza mkono katikati ukapita hadi kwenye kiwiko, nikautoa na mchwa.

Kwenye maandishi yetu tulitaja matawi, magogo, ua, vigae, na kwamba salio nalipa kazi ikiisha. Kisiki sikukitaja. Nilidhani kisiki ni sehemu ya mti. Kumbe kina bei yake na mashine yake, inayokisaga hadi sentimita 20 au 30 chini ya ardhi, na siku hiyo nilikuwa nimebaki na nauli. Nikasema nitakuja kukiondoa baadaye.

Shemeji siku hizi hukaa juu ya gogo tulilobaki nalo na kuwasimulia wageni jinsi "tulivyouangusha". Na kisiki kimetoa machipukizi kumi na mawili, nimeyahesabu, mawili yameshafika kiunoni. Juzi shemeji aliyachungulia, akanyanyua macho, akasema anajua dawa yake. Nimeshamficha panga.